Mchangiaji wa Alhamisi

Hakuna kilichotikisika. Mpimaji alisogeza kioo chini ya hadubini, akapepesa macho, akatazama tena. Tone la yule bwana wa Alhamisi lilikuwa limetulia tuli, kama la wiki iliyopita na wiki zote kabla yake.

Kazi ya benki ile ya mbegu za kiume haikuwa na maajabu. Mwanamume huleta kikopo chake, mpimaji hugandisha tone moja, huliyeyusha, kisha hutazama kama kuna zinazoamka na kuogelea. Zikiamka, zilizobaki hutiwa kwenye mirija na kuzamishwa ndani ya pipa la baridi kali, zimngoje mwanamke atakayezihitaji. Zisipoamka mara mbili, mwenyewe huambiwa ahsante, nenda salama.

Za bwana wa Alhamisi hazikuwahi kuamka. Mpimaji alizitupa kimyakimya na kila mara akamwambia, "Njoo Alhamisi, kaka, tupime tena."

Angefanyaje? Wachangiaji wengine walikuja kofia zimeshuka hadi puani. Mpimaji mwenyewe hakuwatazama usoni, kwa kuwasitiri. Mtu akisimama tu dirishani, humsukumia kikopo na kumwonyesha mlango wa chumba. Wakitoka, hukimbia. Waliothubutu kufungua mdomo waliuliza jambo moja: nimeshapata mtoto?

Bwana wa Alhamisi hakuwahi kuliuliza. Aliweka chini mkoba wake wa ufundi, akavuta kiti, akazipa kisogo picha za vichanga ukutani, akasema, "Habari za tangu siku ile, dada? Hilo friji bado linakoroma kama babu?"

Lilikuwa likikoroma kweli, tena liligandisha maziwa yakawa mawe. Fundi aliyeitwa hakutokea, na mkuu wa kituo hakujisumbua kuita mwingine. Basi walikunywa chai ya rangi, wakacheka. Kwake nyumbani mpimaji alikula amesimama, sufuria mkononi, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia simanzi. Hakukuwa na wa kumwambia pole na kazi. Alhamisi ndiyo iliyomvusha wiki.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, mkuu alichungulia mlangoni. "Huyo bwana wako simwoni kwenye pipa lolote. Hata chini, wanakosajiliwa, hawamjui. Kama hafai, mwambie leo leo."

"Nitamwambia," alijibu mpimaji.

Bwana wa Alhamisi alifika na karanga kwenye karatasi. Alinyoosha mkono kuchukua kikopo, mpimaji akakifunika kwa kiganja.

"Leo hapana, kaka. Kaa kwanza."

Akakaa. Mpimaji alimimina chai, ikamwagika kwenye sahani, akaiacha. Hakuogopa kufokewa. Aliogopa kile kiti kikiwa kitupu.

"Mbegu zako haziamki," alisema. "Hata moja. Nimelijua hilo tangu mwanzo, nikakudanganya. Ukitaka kunishtaki kwa mkuu, ofisi yake ni ile pale."

Bwana yule alimenya karanga moja, akaiweka upande wa mpimaji, akamenya nyingine.

"Mbona umechelewa kuniambia?" alisema taratibu. "Daktari alinieleza hayo zamani. Wiki ile ile mke wangu akafungasha virago."

Mpimaji alimkodolea macho. "Ulijua? Sasa wiki zote hizi ulikuwa unakuja kuchangia nini?"

Bwana yule alizisogeza karanga kando. Aliinama, akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi na kipande cha mrija wa shaba. Akalitazama lile friji lililokuwa likikoroma pembeni, kisha akamtazama mpimaji.

"Siku ile niliitwa kutengeneza hilo, dada. Nimesimama tu dirishani, hata salamu sijatoa, ukanisukumia kikopo. Nilipotoka chumbani ukanikaribisha chai." Alizungusha bisibisi mkononi. "Nilifungue leo, au tungoje Alhamisi?"