Waridi Linalonukia

Sheria iliruhusu mawaridi sugu tu, yasiyoshikwa na ukungu wala vidukari. Mengine yote yalichomwa moto. Huko Lushoto, Bi Mwanahawa alificha nyuma ya jiko shina moja alilopandiwa na marehemu mumewe. Asubuhi moja lilichanua, ingawa majani yalikuwa na madoa meusi. Akamwita mjukuu wake, Zaitun, alinuse.

Mtoto alirudi nyuma, akaziba pua.

"Bibi, linanuka. Ndio ugonjwa wenyewe?"

"Hapana, mjukuu wangu. Waridi ndivyo linavyonukia."

"Mwalimu alisema waridi zima halina harufu."

Zaitun akaenda kunawa kwa sabuni. Jioni hakutaka kupakatwa.

"Nawe unanuka hivyohivyo, Bibi," alisema kwa upole, akasogeza kigoda chake karibu na mlango.