Mguu wa Mtu Mwingine

Lori lilishtuka kana kwamba limepigwa teke. Gia ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na basi dogo lililofungwa nyuma likavutwa kwa kishindo katikati ya mlima. Mnyororo akatukana kimoyomoyo. Alijua ni kazi ya nani.

Walimwita Mnyororo kwa sababu ya shughuli yake, kuvuta magari yaliyoharibika barabarani. Lori lilikuwa hilo moja tu, la gia za otomatiki, na ndilo lililowalisha yeye, mkewe na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Usukani walipokezana: yeye asubuhi, shemeji mchana mpaka jioni. Giaboksi ikifa, wote wamekwisha.

Ndiyo maana, vishindo vilipoanza wiki iliyotangulia, alilikimbiza kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa porojo. Alichomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi, akainusa, akaifuta kwa kitambaa cheupe: nyekundu, safi, haijaungua. Akakagua nyaya, akaingia uvunguni, akatoka na vumbi mgongoni. Mwisho akachomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani, akazunguka na lori mitaa miwili, akarudi.

"Giaboksi ni nzima," alisema. "Hii huusoma mguu wa dereva ikauzoea, kama mke anavyozijua hatua za mumewe mlangoni. Sasa kuna mguu unaivuruga. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, unaachia ghafla, unakanyaga tena. Ukiwa na mzigo nyuma, gia haijui ishike ipi. Ni mguu wa mtu asiyejua amekanyaga kiasi gani."

Mnyororo hakutaka kusikia zaidi. Mguu wake yeye lori liliujua tangu likiwa jipya. Basi shemeji alikuwa anampa mtu mwingine usukani, mwanagenzi fulani anayejifunzia kwenye mali ya watu. Au analiua makusudi, kwa kijicho tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Fundi alifuta yote ambayo giaboksi ilikuwa imeyazoea, ianze kujifunza upya. Jioni ile ile Mnyororo alimnyang'anya shemeji ufunguo mbele ya dada yake.

"Shemeji, naapa hakuna mwingine aliyeshika usukani."

"Hata mwizi huapa."

Shemeji akamtazama dada yake, akakusanya nguo zake na kuondoka. Mke akalia, kisha akanuna. Ikawa anapakua chakula, anakiweka mezani, anaondoka zake. Alifungua kinywa mara moja tu, mumewe alipoingia ndani na kandambili moja, ya kulia imebaki kwenye ngazi.

"Chuki imekujaa mpaka kandambili inakuvuka husikii," alimwambia.

Na kweli chuki ilimkausha. Dumu la maji lililokaa ndani ya lori kwa ajili ya rejeta alilimaliza yeye kabla ya adhuhuri, na kiu ikabaki palepale. Usiku aliamka kwenda chooni, akarudi, akaamka tena, na kila alipoamka alipitia kugusa boneti, isije ikawa mtu ametoka na lori. Lilikuwa la baridi. Wala hilo halikumtuliza. Mtu mwenye ufunguo wa akiba hakosi mbinu.

Siku za kwanza, alipokuwa anavuta vigari vyepesi, gia zilibadilika vizuri, akajipongeza na kujiona mjanja. Ndipo likaja hilo basi dogo, na huo mlima, na kishindo kilekile.

Alilishusha basi kwa mwenyewe, akampigia simu mkewe amkute gereji. Leo angesikia kwa masikio yake mwenyewe mdogo wake ni mtu wa namna gani. Mke akaja amevaa khanga ya nyumbani, macho mekundu, akasimama mbali na mumewe.

Fundi akachomeka kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Mguu ni uleule," alisema.

Mnyororo akamgeukia mkewe. Umesikia? Alimwambia hapohapo kwamba akimwona tena mdogo wake pale nyumbani, atawatoa wote wawili. Mke akajifunika uso kwa ncha ya khanga.

"Nani ameliendesha?" aliuliza fundi.

"Mimi tu. Ufunguo nalala nao shingoni. Lakini usiku, nani ajuaye?"

"Sisemi habari za usiku, kaka. Huu ni wa leo. Huu ni wa mlimani."

Kompyuta nazo hudanganya, alisema Mnyororo. Fundi alikuwa ameinama mlangoni mwa lori, anatazama zulia chini ya pedeli ya mafuta. Palikuwa na doa jeusi, limelowa. Akaligusa kwa kidole, akakinusa, kama alivyonusa oili.

"Kaka," alisema taratibu, "hebu vua kiatu cha kulia."

Mnyororo akacheka. Akaketi kwenye tairi kuukuu, akafungua kamba, akavuta. Kiatu kilikataa kidogo, kisha kikatoka.

Mke akapiga ukelele. Msumari mrefu ulikuwa umetoboa soli na kuchimba unyayo, soksi imegandamana kwa damu ya siku nyingi na ya leo. Mnyororo akaugeuza mguu huku na huku bila kusikia maumivu yoyote, akiutazama kama anatazama mguu wa mtu mwingine.