Mbuni Augundua Mji wa Pimbi

Bibi Pimbi alikuwa akiufagia mji wao mtakatifu wa majabalini kinyumenyume, kama desturi yao, asiache hata unyayo wake. Mara Mbuni akaingia mbio, akatoa karatasi, akaanza kuuchora.

"Nimeugundua mji uliopotea! Hauna unyayo hata mmoja. Wenyewe walikufa zamani!"

"Wenyewe tupo," akasema Bibi Pimbi. "Tunaufagia kila alfajiri."

"Sogea, bibi, unaniharibia mchoro."

Mbuni akaendelea kuchora minara ya dhahabu ambayo haikuwapo. Bibi Pimbi alizifagia nyayo za mgeni huyo mpaka langoni, akavuka lango, akafagia hadi mwisho wa majabali.

Mbuni alipomaliza, akageuka huku, akageuka kule.

"Bibi, nilipita wapi? Nionyeshe njia!"

"Unamwuliza nani?" akasema Bibi Pimbi. "Si tulikufa zamani?"