Miguu Mipya ya Kasanda

Siku hizi mchezaji aliyezeeka huweza kurudishiwa mwili wa ujana, ila miaka inayomtoka miguuni humtoka na kumbukumbu zake. Kasanda, mshambuliaji wa miaka thelathini na saba, alitakiwa na klabu ya Mshikamano kwa donge nono, na Tabora nzima ikabishana vijiweni.

"Kwa mzee yule? Wanazitupa pesa!"

Mkewe, Nyamizi, hakubishana na mtu. Alimuuliza tu mumewe jikoni, "Watakurudisha mpaka umri gani?"

"Ishirini na mitatu."

"Mimi ulinioa ukiwa na ishirini na sita."

"Tutaanza upya, mke wangu. Nisipocheza, mimi si mtu."

Akaenda, akarudishwa ujanani. Katika mechi yake ya kwanza alifunga mabao mawili, na wale waliombeza wakaimba jina lake mpaka sauti zikawakauka. Jioni dereva wa klabu alimleta nyumbani. Nyamizi, aliyekuwa amepika tangu mchana, alitoka mlangoni amejifunga khanga mpya. Kijana alivua kofia, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa nitakaa hapa."

Nyamizi alishika mlango.

"Marahaba," akaitikia, akampisha aingie.