Wageni wa Duka la Merle

Namba ilipanda hata usiku, mji mzima wa Gympie, Australia, ukiwa umelala, na hilo ndilo lililomchoma Desley kuliko yote. Aliamka, akateleka birika, akatupia jicho kishikwambi alichokiegemeza kwenye sanduku la mkate, akaona wifi yake Merle amepata maelfu mengine ya wageni.

"Hao Waingereza tu hao," akamwambia mumewe, Kev. "Sisi tukilala, kwao kumekucha."

Kev akaendelea kupaka siagi mkate wake.

Mawifi hao waliuza jamu ya rozela, yale maua mekundu machachu, kila mmoja na duka lake la mtandaoni. Ufundi ulikuwa wa marehemu mama yake Desley. Lakini mama, Mungu amsamehe, alimfundisha mke wa mwanawe akamwacha binti wa kumzaa, na mwaka uleule Merle akanyakua utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya wilaya. Desley akaambulia kumpigia makofi. Tangu siku hiyo donge halikumshuka. Hata kaka yake Clarrie alipofariki, alikwenda kumpa pole mjane huku macho yake yakizunguka kwenye rafu za jamu.

Chini ya ukurasa wa Merle palikuwa na namba ya wageni waliofungua duka. Desley hakutaka kupitwa. Alikitegesha kishikwambi kama Kev anavyofanya akifuatilia mbio za farasi, ukurasa ujifungue upya wenyewe kila baada ya sekunde chache, naye akawa anapita na mwiko wake akikodoa macho. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwake yeye kila mgeni wa Merle alikuwa mwiba wa roho.

Tena duka lake mwenyewe likaanza kukwama. Bibi mmoja wa Maryborough alisubiri ukurasa ufunguke mpaka akachoka, akanunua jamu dukani. Desley akaipigia simu kampuni iliyomkodisha nafasi kwenye seva, akadai haki yake: si walimwuzia nafasi isiyo na kikomo?

Kijana aliyepokea, Brodie, akakohoa kidogo. Akakiri kuwa kila mteja aliuziwa hivyohivyo, na maduka mamia yamebanana kwenye mashine moja, kwa kuwa mengi hayana watu.

"Maduka mengi yamelala, mama. Sisi tunauza usingizi wao," alisema. "Sasa kuna moja halilali. Nalo ni la jamu, la hukohuko kwenu."

Loo, wivu ulimpanda Desley mpaka masikio yakawaka. Mama alimpa Merle ufundi, maonyesho yakampa utepe, na sasa hata mashine ni yake peke yake! Akasema huyo jirani atolewe. Akapiga simu kesho yake, na kesho kutwa, akitishia kwenda kwa waandishi wa habari. Alhamisi, duka la Merle likafungwa.

Lake likawa linafunguka kufumba na kufumbua. Desley aliosha vikombe akiimba, akafungua biskuti alizoziweka kwa ajili ya Krismasi.

Alasiri Merle akabisha hodi mlango wa nyuma. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba, na macho yalikuwa mekundu. Desley akammiminia chai, akavuta kiti karibu ili asikose hata neno moja la kilio chake.

"Nimesikia, wifi," akasema kwa sauti ya upole. "Pole. Wateja wote wale."

"Wateja gani?" Merle akakishika kikombe bila kunywa. "Sijauza hata chupa moja tangu nifungue. Ila tangu Clarrie aniache, nilikuwa nikiamka naiangalia ile namba, najiambia kumbe kuna watu wananikumbuka. Ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani. Leo nikawauliza kampuni, hao wageni wangu ni kina nani."

"Wakasemaje?"

"Kwamba wote ni nyumba moja tu, hapahapa Gympie. Wewe unajua watu, wifi. Nisaidie kuipata, nikawashukuru."