Mikono kwenye Miguu ya Kipungu

Treni ilikuwa imeshapiga honi ya pili, na Machano alishatia mguu kwenye ngazi ya behewa, Mwenyekiti Ligola wa kijiji chao alipomshika mkoba. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mbili: ruhusa ya Machano ya kusafiri, ambayo haijagongwa muhuri, na ukurasa wa mwisho wa kitabu cha katuni alichochora Machano. Hapo shujaa wake, Kipungu, alikuwa angani, ameinua daraja lililoanguka, peke yake.

"Daraja la watu wote liinuliwe na mtu mmoja? Sisi wengine tumelala, ndugu yangu?"

"Ni katuni tu, Mwenyekiti."

"Basi katuni isikukoseshe treni. Chora mikono yetu, nigonge."

Machano akapiga magoti kwenye saruji, akachora mikono ishirini, thelathini, yote imeshika miguu ya Kipungu. Jasho likadondokea wino. Behewa likatikisika.

Bi Tabu, muuza maandazi wa stesheni, akachungulia. "He! Mbona kama wanamvuta chini?"

Mwenyekiti akauinua ukurasa kwenye jua, akautazama mpaka magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Wanamsaidia," akasema, akagonga.

Machano alidandia behewa la mwisho. Siku hizi anachora vibao vya vinyozi ng'ambo ya mpaka. Ligola hakuchaguliwa tena, analima mihogo. Bi Tabu bado anauza maandazi. Ukurasa ule ulibandikwa shuleni, na Kipungu yuko pale ukutani, anatazama chini, kwenye ile mikono.