Kovu la Kiwiko

Emerensiana aliuachia mkono wa mdogo wake, akajibwaga chini kama gunia la mpunga.

"Leo basi, mwenzio nimechoka."

Alikuwa ameinama shambani tangu alfajiri, na kovu la kiwiko cha mdogo wake lilikuwa likimngoja nyumbani, gumu kama ngozi ya ngoma. Akilivuta liligeuka jeupe, akiliachia likarudi jekundu.

Kosa lilikuwa lao wenyewe, yeye na mdogo wake. Kifafa kilipomwangusha mdogo wake mafigani, waliukunja mkono uliobabuka, wakaufunga kwa khanga ili alale bila maumivu. Nalo kovu likakaza hapo hapo.

"Seli za kovu hazina macho," nesi wa Ifakara aliwaambia. "Zinachojua ni kuvutwa. Mkono ukikaa umekunjwa, zinajenga hivyo hivyo. Unyoosheni kila siku, zitajipanga upya."

Kazi hiyo ilikuwa ya Emerensiana peke yake. Majirani walimsalimia mgonjwa wakiwa ng'ambo ya ua, wakiogopa kifafa kisije kikawarukia.

"Kwanza umeshanyooka," Emerensiana alisema. "Sufuria unashika, nywele unachana. Sasa tuache."

Mdogo wake aliutazama mkono, akaunyoosha karibu wote. Kisha akaukunja kifuani, akavuta khanga yake, akaanza kuufunga.

"We, unafanya nini? Si utarudi kule kule!"

Mdogo wake alikaza fundo kwa meno.

"Dada, ukishanyooka kabisa, nani atanigusa tena?"